Wimbi Kule, Jeneza Huku

Tarehe 17 Aprili 2015, gazeti la The Sun la London lilichapisha safu ya Katie Hopkins iliyowafananisha na mende wahamiaji wanaovuka Mediterania. Kesho yake usiku chombo cha uvuvi kilichosheheni abiria kilizama nje ya pwani ya Libya. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, walikufa watu zaidi ya 800.

Mtu wa Afrika Mashariki anayeishi Uingereza alikuwa na sababu ya kushtuka mara mbili. Tusi hilohilo lilichapishwa na gazeti la Kangura nchini Rwanda dhidi ya Watutsi kabla ya mauaji ya kimbari ya 1994. Mhariri wake, Hassan Ngeze, alihukumiwa mjini Arusha mwaka 2003 kifungo cha maisha, kikapunguzwa 2007 kuwa miaka 35. Zeid Ra'ad Al Hussein, aliyekuwa Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa, aliwakumbusha Waingereza habari za Kangura baada ya safu ile kutoka. Alifanya vyema.

Septemba mwaka huohuo ikaja picha ya Alan Kurdi, mtoto wa Syria aliyetupwa na maji kwenye ufuo wa Uturuki, shati jekundu, viatu bado miguuni. The Sun hilohilo likaanza kuchangisha pesa za watoto wakimbizi. Mhamiaji alikuwa amepata jina.

Magazeti ya nyumbani hayatukani hivyo. Tena Wakenya waliohamia nje huwaita ndugu zetu. Lakini ukiyasoma ya Nairobi, mhamiaji huyo utamkuta mahali pawili. Kwenye kurasa za biashara yeye ni pesa: mwaka 2024 Wakenya wa ughaibuni walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9. Kwenye kurasa za habari yeye ni jeneza linaloshushwa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kutoka Saudia, huku jamaa wakilia mbele ya kamera.

Na miaka iliyo katikati? Wakala aliyempeleka alimwahidi nini? Paspoti anayo nani? Chini ya mfumo wa kafala, ukaazi wa mtumishi wa ndani hutegemea mwajiri wake, na kumkimbia mwajiri mkatili kwaweza kumfanya mhalifu. Hapo ndipo penye habari, na ndipo mwandishi asipofika mpaka maiti irudi.

Huo ni uzembe, nao unarekebishika. Mfanyakazi wa Riyadh ana familia Kilifi au Kakamega, na familia ina namba yake. Wahariri wetu waiombe, wampigie angali hai, wamuulize habari za mshahara, wakala na paspoti. Wakihofia usalama wake, wafiche jina, lakini wachapishe alichosema.