Kesi Isiyopigwa Kalenda



Sisi tuliokulia Tanga tunajua maana ya kesi kupigwa kalenda. Unafunga safari alfajiri, unafika mahakamani, karani anatoka na jalada mkononi: hakimu ana udhuru, njooni mwezi ujao. Marehemu mzee wetu alifuata shauri la shamba kwa mtindo huo miaka tisa, mpaka akatangulia mbele ya haki bila ya kusikia hukumu.

Kwa mazoea hayo, shemeji yetu aliyeko hapa Uingereza hakuwa na wasiwasi alipobanwa na mgongo wiki moja kabla ya kesi yake. Alikuwa amemshitaki fundi aliyemwezekea paa likavuja. Alipeleka cheti cha daktari, akatulia. Ikaja barua fupi: ombi limekataliwa, tarehe ni ileile. Nyumbani kwake pakawa kama msibani, na baadhi ya ndugu wakasema ni ubaguzi tu. Sisi tukaenda kusoma kanuni zenyewe, maana wahandisi hatuisemi mashine mpaka tuifungue.

Kanuni za mashauri ya madai za England na Wales zilianza kutumika tarehe 26 Aprili 1999, baada ya Lord Woolf kuchunguza gharama na ucheleweshaji mahakamani. Kanuni ya kwanza kabisa inamtaka jaji atende haki, na ndani ya haki hiyo imo kuipa kila kesi muda wake huku akizikumbuka kesi nyingine zinazosubiri. Katika kazi yetu tungesema ni kreni ya kukodi. Siku ikifika na zege lako halijakauka, kreni inakwenda kwa mwingine, na bili unaletewa.

Cheti cha shemeji kilisema hafai kufanya kazi wiki mbili. Basi. Mwaka 2012, katika kesi ya Levy na Ellis-Carr, Jaji Norris alieleza daktari anatakiwa aandike nini: kwamba anamjua mgonjwa na amemwona karibuni, ugonjwa ni upi, unamzuiaje kushiriki kwenye kesi, na atapona lini. Kutoweza kubeba mizigo ghalani si kutoweza kukaa kitini na kujibu maswali.

Mlango haukufungwa, lakini. Mwaka 2002, katika kesi ya Teinaz, Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba mtu anayehitajika awepo ili haki itendeke, naye ameshindwa kuja si kwa kosa lake, kwa kawaida aahirishiwe, hata wengine wakisumbuka. Ila kuthibitisha ni juu yake.

Shemeji akasema basi haendi. Hapo tulimkatalia kabisa. Usipotokea, jaji anaweza kuendelea bila wewe au kuyafuta madai yako, na kuyafufua ni lazima uharakishe, uwe na sababu nzuri, na kesi yenyewe iwe na matumaini.

Akaenda na mto wake wa mgongo. Jaji alimruhusu asimame na kukaa apendavyo. Jioni ileile hukumu ikasomwa, akapewa sehemu ya fedha za paa. Ukumbini tulisikia kwamba fundi alikuwa ameacha kazi ya siku mbili ili awepo, pamoja na kijana wake. Shemeji mpaka leo anasema alionewa.