Mnara wa Pili wa Miners Castle

Mpe kijana aliyezaliwa baada ya 2006 picha ya zamani ya Miners Castle, na jambo la kwanza atakalouliza ni nani aliyeichezea kwenye kompyuta. Picha ina minara miwili. Mwamba anaoujua yeye una mmoja. Uko kwenye pwani ya kusini ya Ziwa Superior, jimboni Michigan, mwendo mfupi kutoka mji mdogo wa Munising ambako boti za matembezi hung'oa nanga kuwapeleka watu kutazama majabali ya rangi yanayoitwa Pictured Rocks. Tarehe ya tukio haina utata: mnara wa kaskazini-mashariki uliporomokea ziwani tarehe 13 Aprili 2006. Lakini tarehe tuiache, maana haina mengi ya kutuambia. La kushangaza ni jinsi habari ile ilivyopokewa: watu waliomboleza kana kwamba kuna mtu aliyekwenda pale usiku na nyundo. Hoja yangu ni kwamba hapakuwa na msiba. Maji yaliyoupaka ukuta ule rangi ndiyo hayohayo yanayouangusha, na matembezi ya boti, kwa namna yalivyogeuka katika miaka 200 iliyopita, ndiyo yaliyotusahaulisha jambo hilo.

Tuanze na rangi, kwa kuwa ndizo zinazowatoa watu makwao. Kati ya Munising na Grand Marais pwani ina urefu wa kilomita 67 hivi, na kwa takriban kilomita 24 kati ya hizo ukuta wa mwamba unasimama wima juu ya maji, mahali pengine mita 15, pengine hadi 60. Ni mwamba wa mchanga ulioshikamana miaka kama milioni 500 iliyopita, na umefunikwa juu na tabaka gumu zaidi. Tabaka hilo la juu ndilo linaloukinga. Chini yake mwamba ni kama andazi la juzi, umekauka usoni lakini ukiusugua kwa kidole unamumunyuka. Mvua na theluji iliyoyeyuka huzama ardhini, zikapita polepole kwenye nyufa, kisha zikachuruzika usoni pa ukuta zikiwa zimebeba madini. Chuma huacha michirizi myekundu na ya rangi ya chungwa, shaba huacha buluu na kijani, manganizi huacha kahawia na nyeusi. Ukuta unaelekea kaskazini-magharibi, kwa hiyo asubuhi huwa kivulini, umepooza. Jua likishaanza kushuka ndipo michirizi inapowaka mmoja baada ya mwingine, na ndiyo sababu safari za jioni hugombaniwa. Sasa maji hayohayo hayaendi likizo majira ya baridi. Huganda ndani ya nyufa, hutanuka, huusukuma mwamba. Yakiyeyuka huachia, yakiganda tena husukuma tena. Huko chini nako mawimbi yanakula miguu ya ukuta. Ndiyo maana vipande huanguka zaidi katika majira ya kuchipua na ya kupukutika majani, baridi na joto vinapopokezana. Mnara wa Miners Castle ulianguka Aprili, wiki kadhaa kabla ya boti kuanza msimu wake. Anayetaka rangi bila maporomoko anataka bomba livuje bila ukuta kulowa.

Jina lenyewe la mwamba ule, yaani Ngome ya Wachimbaji, lina ushahidi wa kutosha. Mwaka 1771 watu wa mfanyabiashara Alexander Henry walipita hapo wakitafuta madini. Waliona maji yenye rangi yakitoka mwambani, wakasoma ishara ile kwa namna yao: palipo na maji yenye rangi pana madini. Hawakupata kitu cha kuchimba. Walichokuwa wanakitazama ni mwamba unaoyeyuka chembe kwa chembe, na chembe hizo ndizo zilizokuwa zikiwapaka macho. Watalii wanapouita mwamba huo ngome wanadhani wanasifu uimara. Wachimbaji waliouachia jina lao waliondoka mikono mitupu kwa sababu walichukulia dalili ya kulika kuwa dalili ya utajiri.

Msomaji aliyekulia Mwanza ana sababu ya kutonielewa hapa. Ziwa Victoria ni la pili duniani kwa eneo kati ya maziwa ya maji baridi, nyuma ya Superior, na lina majabali yake mashuhuri. Jiwe la Bismarck ni graniti, mwamba wa zaidi ya miaka bilioni 2, nalo limekaa palepale Wajerumani walipolikuta na walipoliacha. Graniti nayo huliwa, lakini kwa mwendo ambao ukoo wa watu hauwezi kuushuhudia. Aliyezoea jiwe la aina hiyo hudhani jabali ni kitu cha kurithiwa jinsi kilivyo. Akipelekwa Munising na dhana hiyo, atakerwa na kila kipande kitakachopungua.

Waliopita zamani hawakuwa na dhana hiyo, kwa sababu hawakuja kutazama. Waojibwe walipita chini ya ukuta huu kwa mitumbwi ya magome, na wafanyabiashara wa manyoya wa Kifaransa wakafuata njia hiyohiyo. Kwao kilomita zile 24 zilikuwa na swali moja tu: upepo ukigeuka, tutatia nanga wapi? Ukuta hauna pa kupanda. Mwaka 1820 Henry Schoolcraft alipita katika msafara wa gavana Lewis Cass, akaandika juu ya alichokiona. Miaka 30 baadaye wanajiolojia Foster na Whitney waliyaeleza mapango na matao yake kwa vipimo. Henry Wadsworth Longfellow, aliyeyategemea sana maandishi ya Schoolcraft, aliyaingiza majabali haya katika utenzi wake juu ya Hiawatha mwaka 1855, na tangu hapo watu wakaanza kuja wakiwa tayari wanajua wanachotaka kukiona. Mwaka uliofuata meli ya mvuke iliyoitwa Superior ilitupwa na dhoruba kwenye majabali hayo karibu na maporomoko ya Spray, ikavunjika, na watu wengi wakafa. Nadhani hapo ndipo pana mpaka kati ya zama mbili: utenzi na ajali zikiwa zimeachana mwaka mmoja. Boti ya matembezi ya leo ni mtoto wa utenzi. Ajali haina mtoto.

Tao kubwa walilolieleza Foster na Whitney, Grand Portal, sehemu yake kubwa imeshaporomoka. Hakuna anayelililia. Waliolijua wamekufa, na kipaza sauti cha boti hulitaja kama mahali, si kama kitu kilichokuwepo. Kinachopewa nafasi na kipaza sauti ni majina: safu ya manowari, chungu cha maua, kichwa cha Mhindi Mwekundu, jina hili la mwisho likitamkwa mpaka leo bila haya mbele ya wajukuu wa wenye ziwa. Jina likishatajwa, abiria hunyoosha simu, hupata umbo, hugeuka kungoja la pili. Mwamba unakuwa sanamu iliyokamilika, na sanamu ikikatika mkono tunasema imeharibika.

Kuna mahali pamoja ambapo mchezo huo wa majina hushindwa, napo ni Chapel Rock. Wafaransa walipaita La Chapelle, na kweli ni kijumba cha mwamba chenye nguzo na paa, kimejitenga na ufuo. Juu ya paa pamesimama msonobari mweupe mmoja ambao umri wake hukadiriwa kuwa kama miaka 250. Paa lile ni jiwe tupu. Udongo uliopo hautoshi kuotesha mchicha wa kulisha nyumba. Zamani paliunganishwa na nchi kavu kwa daraja la mwamba, na mti ulipokuwa mdogo ulipeleka mizizi yake juu ya daraja hilo kufuata udongo wa upande wa pili. Katika miaka ya 1940 daraja likaanguka. Mizizi haikukatika. Mpaka leo imening'inia hewani, fundo moja la kamba nene za kijivu, kutoka kwenye mti hadi msituni, bila kitu chochote chini yake isipokuwa uwazi, na chakula chote cha msonobari kinapita humo. Mtu akiutazama kwa utulivu anaona mambo mawili kwa pamoja: daraja ambalo halipo na umbo lake ambalo mizizi bado inalishika. Hakuna jina la ngome wala manowari linaloweza kueleza hilo. Lazima useme kilichoanguka ndipo uweze kusema kinachoonekana. Nahodha akifika hapo analazimika kusimulia badala ya kutaja, na kimya kinachoingia kwenye sitaha kinanithibitishia kwamba abiria si wavivu wa kusikiliza kama wanavyodhaniwa.

Yaliyofuata tuyapite haraka. Oktoba 1966 Bunge la Marekani liliifanya pwani hii kuwa hifadhi ya taifa ya ziwa, ya kwanza ya aina yake nchini humo, na ilikuwa kazi njema: bila sheria hiyo juu ya majabali pangejaa nyumba za wenye fedha. Barabara ya kutoka Munising hadi Grand Marais ilikamilishwa kuwekwa lami mwaka 2010. Zikaja kayaki za kukodi, zikaja droni na simu, na mwaka 2020 idadi ya ziara ilipita milioni 1. Siku ya Julai gatini pana msongamano wa kituo cha daladala saa kumi na moja jioni, na wengi katika umati ule wameshaona picha zote kabla ya kukata tiketi.

Watakaonipinga wana hoja, na ya kwanza ni kwamba majina huwasaidia watu kuona. Mtoto aliyeambiwa atafute manowari hutazama mwamba kwa makini kuliko asiyeambiwa kitu. Nakubali. Sitaki majina yafutwe; nataka yasiishie hapo. Ukimwambia mtoto huyohuyo kwamba manowari ile ina pua kwa sababu kipande cha mbele kilianguka, hatapunguza kutazama. Hoja ya pili ni ya usalama: tukianza kuwasimulia abiria habari za maporomoko tutawatia hofu bure, nao hawatapanda. Lakini Agosti 2019 kipande kikubwa cha ukuta kilianguka majini mbele ya watu waliokuwa kwenye kayaki, wakarekodi video iliyozunguka dunia nzima. Ilikuwa kiangazi, si majira yanayozoeleka kwa maporomoko, katika mwaka ambao maji ya ziwa yalikuwa juu sana. Hakuna aliyeumia. Wanaosogeza kayaki zao chini kabisa ya ukuta, ubavu kwa ubavu na mwamba ili wapate picha, ndio wasioambiwa kwamba ukuta huu una tabia ya kuanguka. Ukimya haujamlinda mtu.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, kwa kuwa inahusu riziki. Mji mdogo wenye msimu wa miezi mitano unahitaji kitu cha kuchapisha kwenye fulana, na hakuna anayenunua fulana ya kitu kinachopungua. Ningeikubali kama mambo yenyewe yasingeikanusha. Kuanguka kwa mnara wa Miners Castle hakukuwazuia wageni kuongezeka katika miaka iliyofuata. Video ya 2019 iliwafahamisha majabali haya watu ambao hawajawahi kusikia jina la Longfellow. Inavyoelekea, watu wako tayari kulipia kuona kitu kikiwa katika mwendo wake. Wanaogopa tu kuambiwa hivyo wakiwa hawajaandaliwa. Kazi ya kuwaandaa ni ndogo. Picha ya minara miwili na picha ya mmoja zibandikwe pamoja ndani ya kila boti, pembeni yake mchoro wa Grand Portal wa karne ya 19, na nahodha apewe maneno machache ya kuongeza boti inapopita. Nafasi ya kuyapanga ipo: kuanzia katikati ya Oktoba hadi Mei hakuna safari, na hakuna abiria wa kumkatiza nahodha kwa kuuliza choo kiko wapi.