Mashine ya Koboko Yateremka Mtoni

Koboko ni mji wa barabara. Mtu asimamapo sokoni pake huona malori yaelekeayo Oraba, mpakani mwa Sudani Kusini, na pikipiki zitokazo upande wa Kongo zikiwa zimelemewa na mizigo. Husikia Kikakwa, Kilugbara, Kinubi na Kiswahili vikibishania bei ya chumvi katika kibanda kimoja. Mto Nili hauonekani hapo. Ndiyo maana majirani walistaajabu ilipojulikana kwamba askari mmoja mstaafu ameweka mashine ya boti nyumbani kwake, nyuma ya magunia ya muhogo, imefunikwa blanketi la kijeshi. Ilikuwa na nguvu za farasi 15 na uzito wa kilo 35 na ushei. Karibu nusu ya kiinua mgongo chake ilikuwa chini ya blanketi hilo, na watoto walikatazwa kuigusa.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa na mashua ya mbao huko Rhino Camp, ukingoni mwa Nili. Mashua hiyo ilizoea kasia, na tanga siku za upepo. Palipatikana shauri kwamba mashine ya mmoja na mashua ya mwingine vitalisha nyumba mbili.

Kutoka Koboko hadi Arua ni kilomita zipatazo 55 za lami. Arua ilianzishwa mwaka 1914, wakati West Nile ilipotolewa Sudani na kuingizwa Uganda, na tangu tarehe 1 Julai 2020 ni jiji. Kwa mwenye kushughulika na vyombo vya majini, sifa yake ni maduka ya vyuma na mbao, kwa maana mbao ngumu zitokazo misitu ya Kongo hupitia hapo. Mstaafu alitaka kupita moja kwa moja. Mashine, alisema, ina parafujo zake mbili za kubana, nazo zatosha. Mkewe, ambaye ndiye mwenye kutunza daftari la nyumba, alikataa kupanda gari mpaka zinunuliwe bolti ndefu, washa pana za chuma na kipande cha ubao wa mkangazi. Fedha hizo zilimuuma mzee, lakini zilitoka.

Toka Arua barabara huteremka kuelekea mashariki, kutoka kimo cha mita 1,200 hivi hadi takriban nusu yake, na joto huongezeka kila baada ya mteremko. Jina la Rhino Camp lakumbusha faru weupe waliokuwa wengi pande hizo. Mnamo Januari 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alipiga kambi kwenye ukingo huu wa magharibi ili kuwawinda. Alikuja kwa maji kutoka Butiaba, kwa meli ndogo ya moshi iliyofuatana na mashua za tanga. Mwaka mmoja tu nyuma, huko kwao Marekani, Ole Evinrude alikuwa ameanza kuuza mashine ndogo za kupachika nyuma ya mashua. Faru wale wamekwisha, mashine zimefika.

Fundi wa mashua aliitazama kwa muda mrefu kabla ya kusema neno. Hakuitazama mashine. Alitazama ubao wa tezi, yaani ule wa nyuma unaofunga mashua, akaugonga kwa kifundo cha kidole.

"Afande," alisema, "ubao huu ulitengenezwa kuzuia maji. Haukutengenezwa kusukumwa."

Maneno hayo ndiyo kiini cha kazi yote. Rafadha, yaani panga linalosukuma maji, huipeleka mashua mbele kwa kuusukuma ubao wa tezi, na huutikisa mfululizo muda wote injini inapowaka. Ubao ule ulikuwa na unene wa sentimeta mbili na nusu, umepigiliwa misumari tu. Fundi aliuongezea ule mkangazi kwa ndani, unene ukafika sentimeta tano, kisha akaufunga kwenye mataruma ya ubavuni kwa vipande viwili vya mti vilivyopinda kama kiwiko. Sasa nguvu ya mashine ingegawanywa mashua nzima.

Kisha kikaja kipimo cha kimo, nacho kilichukua asubuhi yote. Mashine ya mguu mfupi hutaka ubao wa sentimeta 38 hivi, na ya mguu mrefu sentimeta 51. Bamba lililo juu ya rafadha lapaswa kulingana na sakafu ya mashua au kushuka chini yake kidogo, kama sentimeta mbili na nusu. Mashine ikikaa juu mno, rafadha hula hewa na injini huweza kukosa maji ya kuipoza. Ikikaa chini mno, hukokota maji na kuparuza mchanga. Ubao wa shemeji ulizidi kwa sentimeta saba. Fundi alipima mara tatu ndipo akakata pengo katikati. Kwenye mawimbi ya Ziwa Albert, ambako tezi huinuka na kushuka, mguu mrefu ungefaa zaidi, na pengo kama hilo lingekaribisha maji ndani.

Parafujo za kubana zilikazwa kwa mkono. Mstaafu alileta kipande cha bomba ili aongeze nguvu. Fundi akakiweka kando kwa heshima. "Hizi zikikatika, mzee, utarudi Arua leo hii." Chini yake zilipita bolti mbili toka nje hadi ndani, zenye washa pana ili nati zisizame katika ubao, na kila tundu likajazwa lami, kwa kuwa maji yakiingia huko ubao huoza bila kuonekana. Mwisho ilifungwa kamba nene kutoka kwenye mashine hadi kwenye taruma. Shemeji alikuwa ameifunga kwenye ubao wa tezi. Dada yake akamwuliza, je, ubao wenyewe ukitoka? Akaifungua.

Dumu la petroli lilisogezwa mbele, maana mashine na mwendeshaji tayari huizamisha tezi. Mama huyo alihesabu pia makoti ya kuokolea maisha. Yalikuwa sita, akasema abiria watakuwa wanne, pamoja na waendeshaji wawili. Shemeji alitaka kumi. Hapo akatajiwa tarehe 22 Machi 2014, siku ambayo boti iliyojazwa wakimbizi waliokuwa wakirudi Kongo ilizama Ziwa Albert na watu zaidi ya 200 wakafa. Hakubisha tena.

Walipoondoka, kufuli la kuizuia mashine isiinuke liliachwa wazi, kwa sababu ya mafungu ya mchanga na visiwa vya mafunjo vielekeavyo kaskazini na mkondo. Hawakwenda mbali. Rafadha iligonga mchanga, mashine ikaruka juu na kurudi mahali pake kwa kishindo. Mstaafu alishika kamba kwa mikono miwili. Ubao haukusogea. Robo saa baadaye fundi aliamuru injini izimwe katikati ya maji tulivu, akainama, akajaribu parafujo za kubana: ya kushoto ilikuwa imelegea nusu mzunguko. Akaikaza, akampa mzee nafasi aikaze ya kulia.