Gari Likichemka: Tuliyojifunza kwa Gharama Yetu Wenyewe



Ndugu wasomaji, baadhi ya jamaa zetu wametuuliza mbona siku hizi hatuondoki nyumbani kabla ya kufungua boneti na kuinamia injini, hata kama tunakwenda mtaa wa pili. Leo tumeona ni bora tulieleze jambo lenyewe tangu mwanzo, maana ndani yake mna hasara, mna aibu kidogo, na tunataraji mna faida kwa kila familia yenye gari ambalo waranti yake imekwisha.

Sisi ni mke na mume, tuna watoto watatu, na makazi yetu ni Buyenzi, hapa Bujumbura. Mmoja wetu ni mwalimu wa shule ya msingi, mwingine anauza vitambaa. Mwezi wa Novemba 2018 tulinunua gari dogo la Kijapani lililokwisha kutumika. Muuzaji alitupa karatasi ya waranti ya miezi sita, kwa injini na gia. Karatasi ile tuliikunja tukaiweka pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, wala hatukuisoma. Mei 2019 muda wake ukaisha na hatukuwa na habari. Gari lilikuwa linawaka kila asubuhi, basi tukadhani kuwaka ndio uzima.

Agosti ya mwaka huo tulikuwa na harusi ya mdogo wetu huko Gitega. Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, sisi wawili, watoto, mama mkwe, na nyuma tumepakia sufuria, mchele na mikeka. Wanaoijua njia hiyo wanajua kwamba mtu anatoka kando ya ziwa Tanganyika, mahali penye mita chini ya 800 juu ya usawa wa bahari, na kabla hajamaliza kilomita 40 yuko Bugarama, zaidi ya mita 2,000. Ni mlima mtupu, kona juu ya kona. Injini inafanya kazi nzito, na mwendo ni mdogo, kwa hiyo upepo unaopoza rejeta nao ni mdogo.

Aliyeona kwanza alikuwa mwanetu wa miaka 10. Akasema, "Baba, ule mshale umefika kwenye rangi nyekundu." Tukatazama, kweli. Mmoja wetu akasema tusimame. Mwingine akasema tumekaribia Bugarama, hapa hapana kivuli, mama atachoka, na harusi inatungoja. Tukaendelea.

Baada ya dakika chache mshale ukashuka wenyewe. Tukasema alhamdulillahi, gari limepoa. Kumbe hapo ndipo hatari ilipokuwa kubwa zaidi! Baadaye fundi alitueleza kwamba kile kipimo cha joto kinapima maji. Maji yakivuja mengi, kipimo kinabaki hewani, hakigusi kitu, na mshale unaweza kushuka wakati injini yenyewe inaungua. Tulikwenda hivyo kiasi cha kilomita nne. Kisha nguvu zikapungua, moshi mweupe ukatoka nyuma, mvuke ukatoka mbele, na gari likazimika katikati ya kona.

Mama mkwe na watoto walipata nafasi katika basi la abiria. Sisi tulibaki barabarani mpaka adhuhuri. Mtu mmoja alijitolea kutuvuta kwa kamba, lakini dereva wa lori akatukataza. Alisema gari ambalo injini imezimika breki zake zinakuwa ngumu na usukani mzito, na kushuka nalo mlima ule kwa kamba ni kutafuta mauti. Tukalipandisha juu ya lori lake lililokuwa likishuka tupu. Harusi ikafungwa bila sisi.

Kesho yake tulikwenda kwa muuzaji na ile karatasi mkononi. Hakutufokea, wala hakutudhulumu. Alitusomea tu. Muda ulikwisha miezi mitatu nyuma. Halafu akatuonyesha mstari wa chini, nao ulisema kwamba hata ndani ya muda, injini iliyoharibika kwa kuendeshwa ikiwa imechemka haimo katika waranti. Tulitoka pale tumenyamaza, kwa sababu hatukuwa na mtu wa kumlaumu. Na mtu asipokuwa na wa kumlaumu nje, hurudi kumlaumu wa nyumbani. Kwa wiki tatu nyumba yetu haikuwa na mazungumzo ila "wewe ndiye uliyesema tuendelee" na "wewe ndiye uliyekazania kupakia sufuria zote." Watoto walikuwa wanasikia.

Tukampelekea gari fundi mmoja mzee hapa hapa Buyenzi. Sifa ya mafundi wa mtaa wetu inajulikana, hatuna haja ya kuieleza. Alitoa kijiti cha oili, na ile oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Akasema maji yameingia kwenye oili. Akafungua sehemu ya juu ya injini, ambayo hapa tunaiita kulasi na wenzetu wa Dar es Salaam na Mombasa huiita silinda hedi. Akaweka rula ya chuma juu yake, akatuambia tuchungulie. Mwanga ulipita chini ya rula. Kulasi ya aluminiamu ikipata joto la kupita kiasi hupinda, na ikipinda gasketi haiwezi tena kutenganisha maji, oili na moto.

Kisha akatuonyesha chanzo chenyewe. Mpira wa rejeta ulikuwa umechakaa na kupasuka, ufa hauzidi urefu wa ukucha. Mpira mpya ulikuwa faranga 20,000.

Akatuuliza, "Wanangu, baada ya mshale kupanda mlikwenda mbali gani?"

Tukamjibu kweli, kiasi cha kilomita nne.

Akasema, "Mpira ulipasuka wenyewe, hiyo si kosa lenu. Lakini kulasi mmeipinda nyinyi. Hizo kilomita nne ndizo mnazozilipia."

Alitupa njia mbili. Ya kwanza, kununua injini iliyotumika, iliyokuwa inauzwa kama faranga 3,000,000, bila kujua ilikotoka imetunzwaje. Ya pili, kusawazisha kulasi kwa mashine na kuweka gasketi mpya, kwa kuwa alipima mgandamizo wa silinda akaona pistoni hazijadhurika.

Njia ya tatu ililetwa na dalali. Alikuja jioni akasema kuna dawa ya kuziba uvujaji inayomiminwa ndani ya rejeta, na oili nzito inayonyamazisha injini. Gari litatembea vizuri wiki mbili tatu. Yeye tayari ana mnunuzi, baba mwenye familia kutoka Rumonge, na fedha ni taslimu. Ndugu zetu, hatutawaficha: usiku ule tulipiga hesabu ya fedha zile. Tulikuwa na ada za shule mbele yetu, na akiba ilikuwa ndogo. Tulijiambia kwamba mnunuzi ana macho yake, na kwamba sisi pia hakuna aliyetuonea huruma.

Mama mkwe alikuwa amelala chumba cha pili, kumbe anasikia. Asubuhi, tukiwa tunakunywa chai, akasema neno moja tu: "Na huyo wa Rumonge, watoto wake wataketi kiti kile kile cha nyuma." Hakuongeza. Kila Mwislamu amefundishwa tangu chuoni kwamba kuficha aibu ya bidhaa ni udanganyifu, nasi tulikuwa tunalijua hilo vizuri. Lakini usiku uliotangulia hatukuwa tumetaka kulikumbuka. Tulimpigia dalali simu tukamwambia gari haliuzwi.

Hesabu ya matengenezo ilikuwa hivi: lori faranga 150,000, kusawazisha kulasi 80,000, gasketi na bolti mpya 210,000, mpira, kifuniko cha rejeta na themostati 95,000, oili, chujio na maji ya rejeta 115,000, kazi ya fundi 250,000. Jumla 900,000. Kwa mshahara wa mwalimu, hiyo ni kazi ya miezi zaidi ya mitatu.

Mkopo wa riba hatukuutaka. Tulikwenda kwa kina mama wa upatu, tukawaeleza ukweli wote, pamoja na ule wa kilomita nne. Dada mmoja aliyekuwa zamu yake alitupa zamu hiyo, akachukua yetu ya mwezi wa Desemba. Zilizobaki tulimlipa fundi kwa mafungu matatu, yakaandikwa na kushuhudiwa. Siku ya kutia sahihi tulikubaliana pia jambo lingine sisi wawili, kwamba kuanzia siku ile hakuna tena "wewe." Tuliendelea na safari sote, basi gharama ni yetu sote.

Gari lilitutumikia tena miaka mitatu. Tulipoliuza mwaka 2022 tulimwonyesha mnunuzi karatasi zote za fundi. Alipunguza bei, nasi tukakubali. Tulilala usingizi.

Tunawausia ndugu zetu mambo haya:

1. Isomeni waranti siku ya kununua, hasa yale yasiyomo ndani yake. Andikeni tarehe ya mwisho ukutani, na mwezi mmoja kabla yake pelekeni gari likaguliwe.

2. Kila wiki tazameni oili na maji injini ikiwa baridi. Bonyezeni mipira ya rejeta kwa vidole. Ikiwa imekuwa migumu au ina nyufa, badilisheni.

3. Mshale ukipanda, simameni mahali salama na mzime injini. Msiseme "tufike pale." Mshale ukishuka ghafla bila sababu, hiyo si nafuu.

4. Msifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto, maji yaliyo ndani yana mgandamizo na yatawaunguza. Ngojeni mpaka injini ipoe kabisa. Wala msimimine maji baridi juu ya injini ya moto.

5. Kabla ya matengenezo makubwa, mwombeni fundi awaonyeshe ubaya wenyewe kwa macho, na bei iandikwe. Fundi wetu alituandikia pia kwamba kazi yake ina dhamana ya mwezi mmoja.

6. Waranti ikiisha, anzeni yenu wenyewe. Sisi tunaweka kidogo kila mwezi katika kopo la maziwa, na watoto wanaliita "kopo la Bugarama."

7. Mtoto akisema ameona kitu, msikilizeni.

Huyo mtoto wetu sasa ni kijana. Kila tunapopanda mlima ule huketi mbele, na jicho lake haliondoki kwenye dashibodi. Hatumkatazi.

Wabillahi tawfiq. Sisi ndugu zenu, Bujumbura.