Kariakoo Hadi Keko: Kuisaka Spika ya Sebuleni

Ukitaka kujua Dar es Salaam inapenda muziki kiasi gani, usiende klabu. Nenda Kariakoo saa nne asubuhi, siku ya kazi, wakati kila mwenye duka anajaribu mali yake mlangoni. Hapa singeli, pale kwaya, ng'ambo ya barabara Bongo Fleva ya enzi zile, na katikati yao mama wa maandazi anayewashinda wote bila kuchomeka waya. Shuka mwendokasi kituo cha Msimbazi Polisi, vuta pochi yako mbele ya tumbo, uingie mtaani. Mahali hapa jina lake lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wageni wengi huja kulipiga picha jengo la soko, lile lenye paa la miavuli ya zege, lililochorwa na Beda Amuli, likafunguliwa 1975 na kuungua Julai 2021. Sisi tulilipita. Tulikuwa na safari ya vichochoroni, kwa wauza spika.

Nasema sisi, maana nilikwenda na mume wangu, na fedha mfukoni ilikuwa ya sofa. Laki sita. Tulishakubaliana sofa lisubiri, tukae kwenye mito miezi miwili mitatu, lakini tupate muziki wa maana nyumbani. Hatukukubaliana muziki wa maana ni upi. Mwenzangu anataka mdundo unaogusa kifua. Mimi nataka nimsikie Bi Kidude na mikwaruzo yote ya sauti yake, neno kwa neno, kama amekaa pale kwenye mkeka. Sebule yetu ni mita tatu kwa nne, nyumba ya kupanga, na ukuta mmoja ni wa jirani mwenye kichanga.

"Karibu dada, karibu shemeji!" Kijana wa duka alishatusoma. Mimi akaniachia kiti, shemeji yake akamkabidhi spika tupu ya inchi 12, yaani lile duara lenyewe la koni na sumaku, bila boksi. Sumaku ilikuwa nene kama kikaango cha chapati. Kwenye katoni wameandika wati elfu na ushee. Nikamwona mume wangu anavyoipima uzito mkononi, kama mtu aliyepewa mtoto wa kwanza ampakate, nikajua sofa limekwisha. Bei: laki nne na nusu. Moja. Na hapo hata ubao haujakatwa.

Mpenzi msomaji, kuhusu zile wati za kwenye katoni, usizipe moyo wako. Wanaokumbuka redio za miaka ya 2000 zilizoandikwa PMPO kwa herufi za dhahabu wanajua nasema nini: namba kubwa kuliko umeme unaoingia kwenye redio yenyewe. Hata zikiwa wati za kweli, ukiziongeza mara mbili unapata desibeli tatu tu zaidi. Sikio linatambua, lakini halishtuki.

Nikamwomba kijana atupigie. Akaiunga kwenye amplifaya ikiwa tupu vilevile, juu ya kaunta. Ikalia kama redio ya mkulima! Koni inacheza, tunaiona kwa macho inakwenda mbele na nyuma, ila besi hakuna. Mume wangu akaninong'oneza kwamba ni mbovu. Kijana akacheka, akavuta boksi la zamani lenye tundu, akaikandamiza pale kwa mikono miwili. Mdundo ukatoka mpaka glasi za duka la pili zikajibu.

Uchawi haupo. Koni ikisukuma hewa mbele, nyuma inaivuta. Mawimbi ya nyuma yanazunguka ukingo na kukutana na ya mbele, yanafutana. Sauti nyembamba hazidhuriki sana kwa sababu mawimbi yake ni mafupi. Ya hezi 3,000 yana sentimita 11 hivi. Ila besi ya hezi 50 ina wimbi la karibu mita saba, refu kuliko sebule yangu, kwa hiyo linazunguka bila taabu na kujiua lenyewe. Boksi kazi yake ya kwanza ni kuwatenganisha hawa wawili. Ya pili ni ngumu zaidi: hewa iliyofungiwa ndani inakuwa springi inayoisukuma koni irudi. Boksi dogo mno, springi inakaza, besi inakuwa ya puani, ile ya "bum" moja kwa kila noti. Kubwa mno, koni inalegea na kuyumba.

Sasa kubwa au dogo kwa kipimo gani? Jibu lilikuwa ndani ya katoni, kwenye kikaratasi ambacho kijana alikuwa karibu kufungia skrubu. Spika nyingi za maana huja na namba zake, na namba hizo zina historia. Mwaka 1961 mhandisi wa Australia, Neville Thiele, alichapisha mahesabu ya spika za boksi lenye tundu. Miaka ya 1970 Richard Small akayaendeleza. Tangu hapo huna haja ya kubahatisha. Unahitaji hasa mbili: Vas, yaani ulegevu wa koni ukielezwa kwa lita za hewa, na Qts, jinsi spika inavyoweza kujizuia isiendelee kutetemeka.

Chukua spika mbili za inchi 8, pacha kwa sura. Ya kwanza ina Vas lita 30 na Qts 0.4, kwa boksi lililofungwa pande zote na besi iliyotulia, inataka lita 15 hivi. Ya pili ina Vas 60 na Qts 0.5, hiyo inataka lita 62. Ndoo ndogo kwa moja, madumu matatu ya maji kwa nyingine! Ukiwabadilishia vyumba, wote wawili wanaharibika, hata kama kila mmoja ni babu kubwa kwa upande wake.

Hili ndilo lililonifanya niandike makala haya. Dar es Salaam spika inauzwa Kariakoo, boksi linachongwa Keko, na kati yao kuna mwendo wa bajaji ambamo hakuna anayesimamia ndoa hiyo. Muuzaji anasifia sumaku. Seremala anasifia mbao. Mnunuzi anabeba.

Tulinunua za inchi 8, mbili, zile zenye kikaratasi, na tuwita mbili za kawaida. Shemeji wa watu alinuna mpaka Gerezani. Nikamsimulia njiani habari ya BBC. Miaka ya 1970 mafundi wao walihitaji spika ndogo ya kukaa ndani ya gari la matangazo, imwambie fundi ukweli kuhusu sauti ya mtangazaji. Hawakubuni spika mpya tupu. Walichukua za kiwanda cha KEF, B110 ya inchi 5 na tuwita T27, ambazo wenye viwanda wengine nao walikuwa wanazinunua. Kazi waliifanya kwenye boksi la lita tano hivi, la plaiwudi nyembamba iliyobandikwa vizuia mtetemo kwa ndani, na kwenye krosova, ile saketi inayogawa sauti nene na nyembamba. Ikaitwa LS3/5A, na mpaka leo kuna watu wanaitengeneza na wengine wanaigombania. Ni kweli haipigi besi ya chini wala haiwezi kelele ya ukumbi. Koni ndogo ni koni ndogo, na hakuna boksi litakaloipa pumzi isiyo nayo. "Sawa," mume wangu akasema, "lakini hao ni BBC, sisi tuna seremala wa Keko."

Keko inanukia mbao na vanishi kabla hujaiona. Vitanda, makabati, sofa (nililiangalia moja la kijani, nikageuza uso). Seremala wa kwanza aliuliza swali moja tu: "Inchi ngapi?" Inchi nane, boksi lake la inchi nane liko tayari, lipake rangi uondoke. Nyuma yake yalikuwepo maboksi makubwa ya vigodoro, marefu kuliko mimi. Kwa kazi ile wako sahihi kabisa: mtaani, hewa wazi, watu mia tatu wanaruka, hapo unahitaji koili isiyoungua mpaka alfajiri, na spika tupu yenye nguvu ndiyo mfalme. Sebuleni ni habari nyingine.

Wa pili, mzee mmoja mwenye penseli sikioni, tulimwamkia, akaitika, akanyoosha mkono. "Karatasi iko wapi, mwanangu?" Nilitaka kumkumbatia. Akasoma, akapiga hesabu kwenye kipande cha ubao, akatoa nafasi ya sumaku na ya viunzi vya ndani, akapata kimo. Akagonga ubao mmoja kwa kifundo cha kidole, ukalia kama ngoma. "Huu utaimba pamoja na muziki wako. Hatuutaki." Akachagua MDF ya milimita 18, akasema ataweka kiunzi katikati ili kuta zisitetemeke. Tukaongea kuhusu krosova pia. Yeye hafanyi, ila alituelekeza kwa fundi redio wa jirani. Huyo alionya kwamba kapasita moja tupu kwenye tuwita, kama zilivyo sabufa nyingi za bei rahisi, inailinda isiungue lakini haizipatanishi spika mbili pale sauti ya binadamu inapopita kutoka moja kwenda nyingine. Na Bi Kidude yuko hapohapo.

Hesabu ya siku: spika na tuwita laki mbili na thelathini, maboksi laki mbili na ishirini, krosova elfu sabini. Zilibaki elfu themanini, tukazirudisha kwenye bahasha ya sofa. Mume wangu alihesabu mara mbili, kisha akamuuliza mzee kama anaweza kuyapaka rangi nyeusi badala ya vanishi. Anaweza.

Ukienda na wewe, beba wimbo unaoujua kwa moyo, wenye sauti ya mtu na besi, ujaribie huohuo kila duka. Omba kikaratasi kabla ya kuomba punguzo. Mpe seremala siku za gundi kukauka, usimkimbize. Na ukiyafikisha nyumbani, usiyasukumie kwenye kona nyuma ya kochi. Kona inavimbisha besi. Yetu yako sentimita 40 kutoka ukutani, upande usio wa jirani, na mito yetu miwili iko mbele yake.