Kazi Hutuinamisha, Tujinyooshe

Akina mama wenzetu, sisi tunaoishi hapa Pemba tukizihesabu kazi zetu za siku tunaona kwamba karibu zote ni za kuinama. Alfajiri tunafagia uwanja kwa ufagio wa chelewa. Tunakalia mbuzi kukuna nazi. Tunafua katika beseni lililo chini. Msimu wa karafuu ukifika, waume na vijana wetu hupanda mikarafuu, nasi hukaa juu ya majamvi mpaka usiku tukitenga karafuu na makonyo yake.

Halafu kuna mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza Unguja, huko Paje na Jambiani, mwaka 1989, na leo sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar hutoka kisiwani kwetu. Wengi wa wakulima wake ni wanawake. Wakati wa bamvua maji hutoka mbali, nasi tunashuka pwani. Kwa saa kadhaa tumeinama, miguu majini, tukifunga mbegu kwenye kamba. Kisha tunarudi na mwani mbichi kichwani, mzito kwa maji. Jioni ukimjulia hali mama atakujibu, "Mzima, ila kiuno tu."

Jibu hilo tumelizoea mno. Lakini tazama linachoficha: mama anayeshindwa kumwinua mtoto wake, anayeamka usiku kila anapotaka kujigeuza, anayewakaripia watoto kwa sababu mwili wote unamuuma.

Wazee wetu walijua thamani ya kuuhudumia mwili uliochoka. Mama akijifungua, kwa siku arobaini alikuwa na mkandaji wake. Palikuwa na maji ya moto, mafuta ya nazi, viungo kunyooshwa polepole, na tumbo kufungwa mkaja. Kitambaa hicho kina heshima kubwa. Binti akiolewa, mama yake hupewa zawadi iitwayo mkaja. Lakini siku arobaini zikiisha mkandaji huaga, na mgongo wa mama husahauliwa mpaka uzazi mwingine.

Wengine watasema, "Kutwa tunafanya kazi, mazoezi ya nini tena?" Jibu ni kwamba kazi zetu huukunja mwili upande mmoja tu, mbele. Misuli ya kifua na ya mapaja hubaki imekaza, na ya mgongo huchoka kwa kuvutwa. Kujinyoosha ni kuurudisha mwili upande wa pili. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu, na mazoezi ni miongoni mwa mambo linayoyapendekeza. Kulala kitandani siku nyingi si dawa.

Basi tufanye haya, hasa baada ya kuoga maji ya vuguvugu:

Kwanza, simama wima, weka viganja kiunoni kwa nyuma, ujipinde nyuma polepole. Pwani fanya hivyo kila umalizapo kamba moja.

Pili, fumbata mikono nyuma ya mgongo, ufungue kifua na kushusha mabega.

Tatu, lala chali juu ya mkeka, uvute goti moja kifuani, kisha la pili. Mwenye mimba kubwa asilifanye hili.

Nne, shika ukuta au mnazi, rudisha mguu mmoja nyuma, kisigino kikikanyaga chini, mpaka usikie msuli wa nyuma ya mguu ukivutika.

Kaa katika kila zoezi kwa pumzi tano, bila kujisukuma kwa kishindo. Ukisikia maumivu makali, acha. Na mzigo wa mwani ugawe mara mbili. Ukiuinua, kunja magoti, usikunje mgongo.

Yako mambo yasiyotibiwa kwa kunyoosha wala kukanda. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, hasa baada ya kujifungua, usikandwe, kwani huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Tumbo la mjamzito lisikandwe, wala aliyepasuliwa asikandwe juu ya mshono. Ukipata ganzi, mguu kukosa nguvu, homa pamoja na maumivu ya mgongo, au kushindwa kuzuia mkojo, nenda upesi hospitali, iwe Wete, Chake Chake au Abdalla Mzee kule Mkoani.

Tuwaeleze na waume zetu. Anayeona mkewe amejinyoosha mkekani jioni asidhani ni uvivu. Amletee maji ya moto, amwangalie mtoto kwa robo saa. Na mabinti zetu watuone tukifanya hivyo, ili wasikue wakidhani kwamba kuumwa kiuno ni sehemu ya kuwa mama. Tutawahitaji viuno hivi kwa miaka mingi, hata siku ya kuwabeba wajukuu.