Kuchora Penye Mtumbwi wa Kasikisi

Huko Ulaya majira ya kuiva kwa zabibu ni majira ya wachora picha pia. Huchukua vibao vyao na penseli, huenda kwa makundi kwenye mashamba ya watengeneza divai, wakaketi nje kuchora vilima na mapipa na watu wavunao. Kwetu Masisi hatuna mizabibu, wala majani hayapukutiki kwa baridi. Lakini migomba tunayo. Basi mwezi wa Oktoba 2022, mvua zilipokwisha kurudi, niliwachukua wanafunzi 18 twende kuchora kwa mzee mmoja mtengeneza kasikisi, kando ya barabara itokayo Masisi kwenda Walikale kupitia Nyabiondo.

Mkubwa wa shule hakupendezwa. "Mwalimu," alisema, "watoto hawa utawapeleka penye pombe?" Nilimjibu kwa heshima ya kuwa Watrapisti wa Scourmont, nchini Ubelgiji, walianza kupika pombe ya Chimay mwaka 1862, na ya kuwa ni abasia hiyohiyo iliyoanzisha monasteri ya Mokoto, humuhumu Masisi, mwaka 1954. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka. Akatoa ruhusa kwa sharti moja: asionje mtu.

Tulifika asubuhi, ukungu ungali mabondeni. Ng'ombe waliokuwa juu ya malisho walionekana kama mawe meupe, na kila tulipoanza kuchora kilima, ukungu ulikifuta. Karatasi zetu zilikuwa mitihani ya zamani iliyogeuzwa nyuma, na wengi walichora kwa makaa ya jikoni. Niliwaonya juu ya jani la mgomba. Anayelichora bila kulitazama hulifanya zima na laini, kumbe upepo umekwisha kulipasua vipande vipande, na mwanga hupita katikati.

Mzee alitupokea vizuri, akatuonyesha kazi yake tangu mwanzo. Ndizi za pombe hukatwa zingali mbichi. Shimo huchimbwa, hupashwa moto, hutandikwa majani ya mgomba, ndizi hutiwa na kufunikwa siku kadhaa mpaka ziive. Kisha humenywa na kutiwa ndani ya mtumbwi wa mti, pamoja na nyasi kavu, zikakanyagwa na kukandwa. Nyasi hizo si uchafu kama mtoto mmoja alivyodhani. Ndizo zinazoshika nyama ya ndizi, maji matamu yakatoka peke yake. Maji hayo huchujwa, huongezwa maji ya kawaida na unga wa mtama uliokaangwa, hufunikwa mahali penye joto, na baada ya siku moja hadi tatu yamekuwa kasikisi.

Wengi walimchora mzee mwenyewe, miguu yake ikiwa ndani ya mtumbwi. Mvulana mmoja, ambaye wazazi wake walitoka upande wa Walikale, kwenye msitu mkubwa na joto, alichora mchikichi na mtu aliyeupanda kugema pombe. Mchikichi haukuwapo. Nilimkemea, nikamwambia achore kinachoonekana mbele yake. Leo nadhani nilikosa. Alikuwa akichora kwao.

Na msichana mmoja hakuchora mtu hata kidogo. Alichora mtumbwi mtupu, peke yake. Aliupima kwa shubiri kutoka ncha hadi ncha, akaandika hesabu pembeni mwa karatasi kana kwamba ni somo la hesabu. Nilimpa alama ndogo, kwa kuwa picha ile haikuwa na uhai.

Januari 2025 vita vilifika Masisi-kati, na Machi mwaka huohuo vikashuka hadi Walikale. Shule yetu ilitawanyika. Mzee na mkewe walikimbia na ndoo mbili na blanketi. Waliporudi baada ya miezi mingi, migomba ilikuwa imeota hovyo lakini ilikuwapo, kwani mgomba hauuawi upesi. Mtumbwi haukuwapo. Ulikuwa umepasuliwa kuni. Ni baba yake mzee aliyeuchonga, na asiye na mtumbwi hana ada ya shule ya kuwalipia wajukuu.

Alinijia nyumbani jioni moja. "Mwalimu, zile karatasi za watoto unazo?" Nilikuwa nazo, ndani ya sanduku la bati, nusu yake zimeliwa na unyevu. Tulizitandaza mezani. Picha nilizozisifu siku ile, zenye vivuli vizuri na uso wa mzee, hazikumsaidia fundi aliyekuja naye. Fundi alichukua ile ya shubiri. Akaigeuza, akaitazama tena.

"Urefu ninao, na upana," alisema. "Kina cha ndani hakimo."

Msichana huyo sasa yuko kwa shangazi yake, mwendo wa siku moja. Nilimtumia neno kwa mtu aendaye sokoni, nikimwuliza kama anakumbuka. Jibu lilirudi juma lililofuata, kwa mwandiko wake mwenyewe:

"Mwalimu, unisamehe. Siku ile ulipowageukia wavulana niliingiza mkono nionje. Mkono ulizama mpaka kiwikoni."